EGIL HYLLERAAS: MTU ALIYEIPIMA ATOMU KWA HESABU

Huenda jina la Egil Hylleraas ni geni masikioni mwako. Nje ya duara la wataalamu wa fizikia na kemia jina hili halitajwi mara nyingi, lakini ndani ya duara hilo hakuna asiyelijua. Kila wakati wataalamu wanapokaa kukadiria kwa hesabu tupu, bila ya moto wala chupa ya maabara, kwamba chembe fulani ya maji au ya hewa imefungwa kwa nguvu kiasi gani, hupita katika njia ambayo mtu huyu aliifungua mwaka 1929. Kwa hiyo yafaa tuyajue maisha yake, na tuijue kazi yake kwa kadiri inavyoweza kuelezwa kwa lugha ya kawaida.

Egil Andersen Hylleraas alizaliwa tarehe 15 Mei, 1898 katika Engerdal, mashariki ya Norwei, karibu na mpaka wa Uswidi. Hiyo ni nchi ya milima na misitu, yenye watu wachache na majira ya baridi yaliyo marefu. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Kutoka mahali pa namna hiyo hadi chuo kikuu haikuwa safari fupi, na Hylleraas hakufika mapema. Alisoma katika Chuo Kikuu cha mji mkuu, ambao zama hizo uliitwa Kristiania na tangu mwaka 1925 ukarudishiwa jina lake la kale, Oslo. Kisha akafundisha shule. Wakati vijana wengine wa Ulaya, kama Heisenberg na Pauli, walikuwa wameshapata sifa kubwa kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita, yeye katika umri huo alikuwa bado hajulikani, na saa zake za faragha alizitumia kusoma vitabu juu ya fuwele, yaani mawe na chumvi ambazo chembe zake zimejipanga kwa safu, na jinsi mwanga unavyopinda ukipita ndani yake. Kitabu kilichomvutia kilikuwa cha Max Born, profesa wa Göttingen katika Ujerumani. Mwaka 1926 akapata msaada wa fedha za masomo, akafunga safari kwenda kwa Born mwenyewe.

Yakupasa ufahamu, msomaji, mji wa Göttingen ulikuwa nini katika miaka ile. Ni mji mdogo, lakini wanafunzi walikuja kutoka Marekani, Urusi, Italia, Hungaria, Uingereza na kwingineko. Mwaka mmoja tu kabla, yaani 1925, Heisenberg, Born na Jordan walikuwa wameanzisha hapo elimu mpya ya mwendo wa chembe ndogo, ambayo huitwa fizikia ya kwanta. Na katika mwaka huo huo wa 1926 Schrödinger, mtu wa Austria aliyekuwa Zürich, akaileta kwa sura nyingine, sura ya mawimbi. Hylleraas alikuja na fuwele zake mkononi, akakuta kwamba mwenyeji wake hana tena haja kubwa na fuwele. Kila mtu alikuwa akizungumza juu ya elimu mpya. Ilimbidi mwalimu huyu wa shule ajifunze upya.

Basi ni lipi lililokuwa hatarini? Hebu tulieleze kwa utaratibu, maana hapa ndipo penye uzito wa habari yote.

Atomu iliyo nyepesi kuliko zote ni ya haidrojeni. Ina kiini kimoja na elektroni moja. Elimu mpya iliijibu atomu hiyo sawasawa, na majibu yakaafikiana na vipimo. Lakini hata elimu ya kale ya Niels Bohr, ya mwaka 1913, ilikuwa imeijibu haidrojeni. Ilipofika kwenye atomu ya pili, yaani heliamu, yenye kiini kimoja na elektroni mbili, elimu ya Bohr ilianguka. Wataalamu hodari walijaribu miaka mingi, na kila mara jibu lilikuwa kosa. Kwa hiyo heliamu ilikuwa ndiyo mlango wa mtihani. Kama elimu mpya ingeshindwa hapo pia, ingekuwa ni elimu ya atomu moja tu, na ulimwengu mzima uliobaki, maji na chuma na damu na majani, ungekaa nje yake. Na kama ingefaulu, basi pangekuwa na sababu njema ya kuamini kwamba kanuni ile ile moja inatawala vitu vyote.

Ugumu wenyewe ni huu. Vitu viwili vinavyovutana, hesabu yake hufika mwisho na kutoa jibu kamili. Vitu vitatu vinavyovutana na kusukumana, hesabu yake haina fomula ya kuimaliza. Hilo lilijulikana tangu zama za Newton kwa habari ya jua, dunia na mwezi, na heliamu ni vitu vitatu. Hivyo basi hakuna la kufanya ila kukaribia jibu hatua kwa hatua. Tena kuna kanuni moja yenye faida kubwa: ukibuni umbo la wimbi kwa namna yoyote iliyo halali na kupiga hesabu ya nishati yake, jibu lako haliwezi kamwe kushuka chini ya nishati ya kweli. Ni kama mtu achimbaye kisima juu ya mwamba. Atachimba vizuri au vibaya, lakini hatapita chini ya mwamba; na kila anaposhuka zaidi, anajua kwamba amekaribia. Ikumbuke kanuni hii, msomaji, maana tutaihitaji tena mwishoni.

Born alikuwa amempa mtu mwingine kazi ya heliamu, naye akaiacha. Ikamwangukia Hylleraas. Alipewa mashine ya kuhesabia ya Kijerumani iitwayo Mercedes Euklid, yenye kutumia umeme na kwenda tarakimu kumi, na yenye kelele nyingi. Hakika si jambo dogo kufikiri kwamba jibu la swali hili kubwa lilipatikana kwa mashine ya mezani, ambayo leo ingewekwa katika nyumba ya makumbusho. Akalijenga wimbi la heliamu kwa kuongeza kipengele juu ya kipengele, hata vikafika kumi na kimoja, na mwaka 1928 akatoa jibu lake. Nishati ya kuing'oa elektroni moja kutoka heliamu ilitoka pungufu ya kipimo cha maabara kwa kama sehemu moja ya kumi ya elektronivolti, nayo nishati yenyewe ni zaidi ya elektronivolti ishirini na nne. Huo ni upungufu wa nusu ya asilimia moja.

Watu wakafurahi. Wengi walisema kwamba sasa imethibitika. Elimu mpya ni kweli hata katika tarakimu. Na hapa, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ndipo ubora wa Hylleraas unapoonekana kuliko mahali pengine popote. Yeye hakuridhika. Aliona kwamba kwa wale wanaopima mwanga kwa vyombo vya usahihi, sehemu moja ya kumi ni tofauti kubwa mno, na kwamba mtu angaliweza kuichukua hesabu ile ile kuwa ni dalili ya kushindwa. Aliposifiwa, yeye aliendelea kuutazama ule upungufu.

Kosa lilikuwa wapi? Tuchukue mfano wa mbuzi wawili waliofungwa kwenye kigingi kimoja, nao hawapatani. Ukitaka kujua watapigana au la, unaweza kuuliza urefu wa kamba ya huyu, na urefu wa kamba ya yule, na pembe iliyopo baina ya kamba mbili, kisha ukazunguka kwa hesabu ndefu. Lakini swali la karibu zaidi ni kuuliza: mbuzi na mbuzi wako mbali kiasi gani? Elektroni mbili za heliamu zasukumana, na kusukumana huko kunategemea umbali ulioko baina yao, wala hakutegemei kitu kingine. Wataalamu walikuwa wakiupata umbali huo kwa kuzunguka kupitia pembe, na kila kipengele walichoongeza kiliwafikisha karibu kidogo tu, wala hawakufika. Mwaka 1929 Hylleraas aliuingiza umbali wenyewe moja kwa moja ndani ya wimbi. Alichagua vipimo vitatu: jumla ya masafa ya elektroni mbili kutoka kwenye kiini, tofauti ya masafa hayo, na umbali kati ya elektroni na elektroni.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Vipengele vitatu tu vikashinda vile kumi na kimoja vya zamani. Kwa vipengele sita, kosa lilishuka hata likabaki zaidi kidogo ya sehemu moja katika mia ya elektronivolti. Mlango wa mtihani ukafunguka. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtaalamu aliyetilia shaka kwamba fizikia ya kwanta yaihusu atomu yenye elektroni nyingi kama inavyoihusu yenye moja.

Hakusimama hapo. Mwaka 1930, pamoja na Undheim, alionyesha kwamba ile kanuni ya mwamba haiwi kwa hali ya chini ya atomu peke yake, bali pia kwa hali zake za juu, kila moja na mwamba wake. Mwaka huo huo alihesabu fuwele ya litiamu na haidrojeni, akatoa kwa hesabu umbali wa chembe zake. Fuwele zake za zamani hakuzisahau. Na mwaka 1931 akaishughulikia molekuli iliyo nyepesi kuliko zote, yenye viini viwili vya haidrojeni na elektroni moja.

Lakini kazi yake moja ya mwaka 1930 nataka tuitazame kidogo zaidi. Je, atomu ya haidrojeni, yenye elektroni yake moja, yaweza kukamata ya pili na kukaa nayo? Hesabu za kawaida zilisema haiwezi. Hylleraas katika Norwei, na Hans Bethe katika Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba yaweza, ingawa elektroni hiyo ya pili imeshikwa kwa nguvu ndogo sana. Wakati huo lilionekana kuwa jambo la vitabuni. Baadaye, mwaka 1939, Rupert Wildt, Mjerumani aliyehamia Marekani, alionyesha kwamba atomu hizo zenye elektroni ya ziada ziko katika uso wa jua, na kwamba ndizo hasa zinazonyonya na kutoa mwanga unaoonekana. Ndugu msomaji, mwanga wa mchana unaokuwezesha kuusoma ukurasa huu, sehemu yake kubwa ulitoka katika chembe hizo hizo, ambazo kuwepo kwake kulijulikana kwanza katika karatasi ya hesabu.

Sasa tuje kwenye molekuli. Mwaka 1927, huko Zürich, Walter Heitler na Fritz London walikuwa wameeleza kwa mara ya kwanza kwa nini atomu mbili za haidrojeni hushikamana. Maelezo yao yalikuwa sahihi kwa maana, lakini kwa kiasi yalitoa kama theluthi mbili tu ya nguvu ya kifungo. Mwaka 1933 Hubert James na Albert Coolidge, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, waliichukua njia ya Hylleraas na kuitia katika molekuli hiyo. Kwa vipengele kumi na vitatu walifika karibu mno. Upungufu wao haukufika sehemu tatu katika mia ya elektronivolti, na nguvu yenyewe ni karibu elektronivolti 4.75. Kwa mara ya kwanza kifungo cha kemia kilikuwa kimepimwa kwa kalamu.

Lakini mwaka huo wa 1933 ulikuwa pia mwaka ambao Göttingen ilivunjika. Utawala wa Wanazi uliwafukuza kazini watu wenye asili ya Kiyahudi. Max Born akaondolewa, akaenda Uingereza na baadaye Edinburgh. Heitler akakimbilia Bristol kisha Dublin; London akapitia Uingereza na Ufaransa hata akafika Marekani. Ile meza moja ambayo watu wa mataifa mengi walikuwa wakikaa pamoja ikapinduliwa, na elimu yenyewe ikahamia ng'ambo ya bahari pamoja na waliofukuzwa.

Hylleraas alikuwa amerudi kwao. Tangu 1931 alifanya kazi katika Taasisi ya Chr. Michelsen mjini Bergen, na mwaka 1937 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Mwezi Aprili 1940 nchi yake ikatekwa na Wajerumani, na mwezi Novemba 1943 chuo kikuu chenyewe kikafungwa na watekaji. Vita ilipokwisha, alikuwa miongoni mwa wale wa upande wa Norwei waliosaidia kuiingiza nchi yao katika CERN, maabara ya pamoja ya mataifa ya Ulaya karibu na Geneva. Aliandika pia vitabu vya kufundishia, na wanafunzi wa Norwei walivitumia kwa miaka mingi.

Mashine nazo zikabadilika. Mwaka 1959 Chaim Pekeris, katika Taasisi ya Weizmann huko Israeli, aliirudia heliamu ya Hylleraas kwa kompyuta. Pale ambapo Hylleraas alitumia vipengele sita, Pekeris alitumia 1,078. Jibu la kale halikukanushwa, liliongezewa tarakimu.

Mwezi Januari 1963 wataalamu wa nchi nyingi walikusanyika katika Kisiwa cha Sanibel, Florida, kwa mkutano uliofanywa kwa heshima ya Hylleraas. Mwandalizi alikuwa Per-Olov Löwdin, Mswidi wa Uppsala ambaye kwa miaka mingi aliwakutanisha watu wa elimu hii kutoka kila upande. Hylleraas akasimulia mbele yao jinsi mambo yalivyokuwa katika siku za mashine yenye kelele. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Alifariki tarehe 28 Oktoba, 1965.

Jambo ambalo hakuliona ndilo linalostahili kumalizia habari hizi. Tangu kabla ya kufa kwake, Włodzimierz Kołos, mtu wa Poland, alikuwa akienda Chicago kufanya kazi na Clemens Roothaan, Mholanzi aliyenusurika katika kambi za Wanazi. Kisha Kołos akashirikiana na Mpoland mwenzake, Lutosław Wolniewicz. Hiyo ilikuwa zama ya uadui baina ya Mashariki na Magharibi, na safari za namna hiyo hazikuwa rahisi. Kazi yao ilikuwa ile ile ya James na Coolidge, yenye umbali wa elektroni na elektroni ndani ya wimbi, lakini sasa kwa kompyuta. Wataalamu hupima kifungo cha haidrojeni kwa kuhesabu ni mawimbi mangapi ya mwanga wa kukivunja yanayoingia katika sentimita moja. Mwaka 1968 Kołos na Wolniewicz walitoa jibu: 36117.4.

Kipimo cha maabara kilikuwa 36113.6, na aliyekisimamia alikuwa Gerhard Herzberg wa Ottawa, Kanada, Mjerumani ambaye naye aliikimbia nchi yake mwaka 1935 kwa sababu mkewe alikuwa Myahudi. Katika usomaji wa mwanga wa molekuli hapakuwa na aliyemzidi. Tofauti ni ndogo, kama sehemu moja katika elfu kumi. Lakini kumbuka mfano wa kisima. Hesabu ikiwa pungufu ya maabara, twasema mchimbaji bado hajafika kwenye mwamba. Ila hapa hesabu ilikuwa imezidi. Ilikuwa imeshuka chini ya mahali ambapo maabara ilisema pana mwamba. Hilo haliwezekani. Ama hesabu ilikuwa na kosa mahali, ama mwamba haukuwa pale uliposemwa kuwapo.

Herzberg hakutetea heshima yake. Aliipiga picha upya mistari ya mwanga wa haidrojeni kwa chombo chenye kutenganisha zaidi, na mwaka 1970 akatangaza kwamba kipimo cha kweli kiko baina ya 36116.3 na 36118.3. Hesabu ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Kipimo chake mwenyewe cha zamani kilikuwa nje. Mwaka uliofuata, 1971, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi zake za maisha mazima.

Tangu miaka ya 1980 umbali wa elektroni na elektroni umeingizwa pia katika hesabu za molekuli kubwa, kwa juhudi za Werner Kutzelnigg na wengine baada yake, na mwaka 2017 vyuo vikuu vya Oslo na Tromsø vilianzisha kituo cha hesabu za molekuli chenye jina la Hylleraas. Ama haidrojeni, mwaka 2009 wapimaji wa Zürich na Amsterdam walishirikiana kukipima kifungo chake upya kwa mwanga wa leza, na wahesabuji wa Warsaw na Poznań wakakihesabu upya. Wapimaji walipata 36118.0696. Wahesabuji walipata 36118.0695.